Herufi Na na fungu la magadi

Kila mradi wa magadi soda wa Engaruka unaporudi kwenye taarifa ya habari, mjini hapa huzuka mabishano yaleyale. Kijiweni wapo wanaocheka: Shirika zima la Taifa la Maendeleo linahangaika na magadi, haya haya ya kulainishia maharage? Halafu wapo wasomi wanaowacheka wanaocheka. Hao watakwambia, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, kwamba kinachotafutwa kule Monduli ni soda ashi, malighafi ya viwandani, na kwamba neno magadi limebandikwa tu kwa sababu Kiswahili hakikuwa na neno la kisayansi la kuwapa waandishi wa habari. Kutoka hapo mazungumzo huhama Engaruka na kutua pale yanapotua siku zote: lugha yetu haiwezi kubeba kemia, ndiyo maana mtoto akivuka darasa la saba anakabidhiwa Kiingereza.

Naona makundi yote mawili yamekosea, na la wasomi limekosea zaidi. Magadi ndilo jina halali la kitu kinachotafutwa Engaruka. Tena si halali kwa kuhurumiwa. Ukifuatilia asili ya Na, alama ya elementi namba 11 ambayo Waingereza wanaiita sodiamu, unafika kwenye chumvi nyeupe iliyoganda kando ya maziwa yanayokauka, chumvi ya kufulia, ya kupikia na ya kukaushia maiti. Chumvi hiyo kwa Kiswahili ni magadi. Kwa hiyo tunapouliza "sodiamu kwa Kiswahili ni nini?" kana kwamba wenzetu wana neno safi la maabara na sisi tuna neno la jikoni, tumeligeuza swali miguu juu. Neno lao nalo limetoka jikoni, tofauti ni kwamba wao walilipeleka shule.

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyekuja nyumbani jioni moja na daftari la kemia lenye orodha ya elementi ishirini. "Mjomba," akaniuliza, "O ni ya oksijeni, sawa. Hii Na imetokea wapi kwenye neno sodium? Hakuna N, hakuna A." Alishamuuliza mwalimu. Jibu lilikuwa kwamba akariri, mtihani hauulizi kwa nini. Jumamosi yake tulikuwa sokoni kununua mahitaji, na pale kwenye dagaa wakavu na ubuyu kulikuwa na mama aliyepanga magadi kwa mafungu juu ya gunia, vipande vya kijivujivu vyenye chembechembe zinazometa ukivigeuza juani, na unga mweupe uliobaki kwenye vidole vyake. Nikamwambia mpwa wangu: Na yako hiyo, fungu zima. Akadhani namtania.

Turudi nyuma kidogo, maana historia yenyewe ni tamu kuliko mabishano. Kaskazini magharibi ya Cairo kuna bonde linaloitwa Wadi El Natrun. Maziwa yake hukauka kiangazi na kuacha tabaka la chumvi, mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu pamoja na chumvi ya kawaida kidogo. Wamisri wa kale walikwangua tabaka hilo kwa maelfu ya miaka. Walilitumia kusafishia mwili na nguo, walilitia kwenye vigae na vioo vyao, na zaidi ya yote waliwafunika maiti wao kwa chumvi hiyo hadi maji yote yakatoka mwilini. Bila hiyo, mafarao tunaowaona leo makumbusho wangekuwa vumbi siku nyingi. Waliiita kwa jina ambalo wataalamu wa maandishi yao huliandika ntrj. Neno hilo likasafiri. Waebrania wakasema neter, Wagiriki nitron, Warumi nitrum, Waarabu natrun, na kupitia Waarabu likarudi Ulaya likiwa natron.

Safarini neno lilipata ajali moja ambayo hadi leo inawasumbua wanafunzi bila wao kujua. Kwa karne nyingi Wazungu walitumia nitrum kwa magadi na pia kwa chumvi nyingine kabisa, ile ya kutengenezea baruti, kwa kuwa zote mbili ni nyeupe na huota juu ya udongo au ukuta. Taratibu nitrum ikaegemea upande wa baruti. Mwaka 1790 Mfaransa Jean-Antoine Chaptal alipotafuta jina la gesi iliyomo ndani ya chumvi hiyo ya baruti, akaiita nitrogène, yaani mzaa nitre, nitre ikiwa ndiyo hiyo chumvi ya baruti. Nitrojeni na Na ni ndugu wa tumbo moja basi, wote wajukuu wa magadi ya Misri, ila mmoja alibadilishwa hospitalini.

Hapa Kiswahili kina haki ya kujidai kidogo. Katika Biblia, Mithali 25:20, kumwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito kunafananishwa na kumwaga siki juu ya neter. Tafsiri maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika "nitre", na msomaji wa Kiingereza wa leo, anayeijua nitre kama chumvi ya baruti, hawezi kuelewa mfano huo, kwa sababu siki ikimwagwa juu ya chumvi ya baruti hakitokei kitu. Biblia ya Kiswahili imeandika magadi. Mimina siki juu ya magadi jikoni kwako uone: yatachemka, yatatoa povu, yatapiga kelele hadi yaishiwe nguvu. Hiyo ndiyo picha aliyokuwa nayo mwandishi wa mithali. Yeremia naye, sura ya 2, anazungumzia kujiosha kwa magadi na sabuni nyingi, na kila aliyewahi kufua nguo kijijini anaielewa mara moja. Waliochagua neno hilo walitumia neno la watu, wakapatia kemia.

Sasa soda. Upande huu wa ukoo haujatulia. Neno lilikuwa likitumika Ulaya ya zama za kati kwa majivu ya mimea ya pwani inayopenda chumvi, majivu yaliyouzwa kwa watengeneza sabuni na vioo. Wapo wanaolirudisha kwenye jina la Kiarabu la mmea wa namna hiyo, na wapo wanaolihusisha na neno la Kiarabu la maumivu ya kichwa, kwa kuwa mmea huo ulikuwa dawa yake, wanaisimu hawajakubaliana. Wanachokubaliana ni kwamba soda ilikuwa bidhaa ya sokoni, ya kupimwa na kubebwa kwenye magunia. Hata tofauti kati ya majivu ya pwani na majivu ya kuni za bara haikuwa wazi hadi Mfaransa Duhamel du Monceau alipoonyesha, mwaka 1736, kwamba yale ya pwani yana asili moja na chumvi ya bahari. Miaka zaidi ya ishirini baadaye Mjerumani Marggraf akazitofautisha kwa moto: ya soda hutoa mwali wa njano, ya majivu ya kuni hutoa wa zambarau. Jaribio la Marggraf hufanyika Dar es Salaam kila siku bila cheti. Sufuria ya wali ikifurika juu ya jiko la gesi, mwali wa bluu hugeuka njano ghafla. Hiyo njano ni sodiamu iliyokuwa kwenye chumvi yako.

Oktoba 1807, Humphry Davy, kijana wa miaka 28 katika Royal Institution ya London, alipitisha umeme wa betri kwenye potashi iliyoyeyushwa, na siku chache baadaye kwenye soda kali, ile ambayo watengeneza sabuni wetu wa mtaani wanaiita kostiki. Zikajitokeza metali mbili laini, zinazong'aa kama fedha na kuwaka zikikutana na maji. Binamu yake aliyekuwa akimsaidia alisimulia kwamba Davy alirukaruka chumbani kwa furaha. Na majina je? Aliyachukua yaleyale ya sokoni. Kwenye soda akatia mkia wa Kilatini akapata sodium. Kwenye potashi, neno linalotokana na majivu yaliyochemshwa kwenye chungu, akapata potassium. Ukilivua joho la Kilatini, neno potassium lina maana ya majivu ya chunguni. Angelitamka Mzaramo tungeambiwa ni lugha ya kienyeji.

Wajerumani hawakufurahia. Wao walishazoea kusema natron kwa soda na kali kwa potashi, na mwaka 1809 Ludwig Wilhelm Gilbert akapendekeza metali ya Davy iitwe Natronium. Ndipo Msweden Jöns Jakob Berzelius, aliyekuwa akitengeneza mfumo wa alama za herufi tunaoutumia hadi leo, akalifupisha kuwa natrium, na mwaka 1814 alama Na ikachapishwa. Mfumo wa Berzelius ukashinda dunia nzima, jina la Davy likashinda kwa Waingereza na Wafaransa. Matokeo yake mtoto wa Manchester anaandika jina moja na alama ya jina jingine, sawasawa na mtoto wa Mbagala. Ukihesabu alama zisizofanana na majina yake ya Kiingereza unapata kumi na moja: Na, K, Fe, Cu, Ag, Sn, Sb, W, Au, Hg, Pb. Mwingereza naye anakariri.

Kuna kipande cha historia hii kilichoandikwa kwenye ramani yetu wenyewe, tunakipita bila kukisoma. Bonde la Ufa lina maziwa mawili yanayokaribiana, moja upande wa Kenya na jingine upande wa Tanzania, yote yakinyweshwa na chemchemi zenye magadi na yote yakiganda ukoko wa waridi na mweupe wakati wa jua kali. La Kenya linaitwa Magadi. La kwetu linaitwa Natron. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulipita katikati; wachoraji wa ramani wa Kijerumani waliweka neno lao la magadi, nasi tukalirithi kama jina la pekee. Mtalii anayeuliza Natron maana yake nini huambiwa ni jina tu la ziwa. Maana yake ni Ziwa Magadi. Na ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna Ziwa Magadi la tatu, ambalo Wamasai wanaliita Makat kwa neno lao la chumvi hiyohiyo. Juu ya Natron umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotapika lava yenye kaboneti ya sodiamu kwa wingi, nyeusi inapotoka, ikinyeshewa hugeuka nyeupe. Kama kuna watu waliopaswa kuieleza elementi hii bila kigugumizi, ni wakazi wa nchi yenye mlima unaotapika magadi.

Turudi kwenye hoja. Wanaotetea majina ya Kiingereza darasani wana jambo moja zito ambalo mashabiki wa Kiswahili hupenda kulipita haraka. Mwanafunzi wetu atafanya mtihani wa sekondari kwa Kiingereza, atasoma chuo kwa Kiingereza, na pakiti ya biskuti aliyoishika mkononi imeandikwa "sodium". Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilitamka Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari haikuhama. Katika hali hiyo, kumpa mtoto jina la tatu la kitu kilekile ni kumwongezea mzigo. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Mzazi wa Kimara anayemlipia mtoto ada hataki majaribio ya kizalendo juu ya mgongo wa mwanawe, na ana haki.

Hoja nyingine yao haina miguu hata kidogo: kwamba neno la jikoni haliwezi kubeba sayansi, kwamba magadi yananuka kisamvu mno kuweza kukaa kwenye kitabu cha kemia. Anayesema hivi hajui soda ilikuwa nini kwa Davy, wala potashi, wala hajui kwamba neno alkali lenyewe ni Kiarabu cha majivu ya mmea. Msomi wa Kirumi Plinio Mkubwa alisimulia kwamba kioo kiligunduliwa na mabaharia waliokuwa wamebeba magadi. Walishuka ufukweni kupika, wakakosa mafiga, wakaweka vipande vya magadi chini ya sufuria, na mchanga ukayeyuka nayo. Hadithi tu, moto wa kupikia hauna joto la kutosha. Kemia iliyomo ni ya kweli hata hivyo: magadi hushusha joto linalohitajika kuyeyusha mchanga, na ndiyo sababu kiwanda cha chupa kinayahitaji kuliko mama lishe. Ile chupa ya soda unayoigonga juu ya meza ya baa imetengenezwa kwa soda, na kinywaji kilichomo kimeitwa soda kwa kuwa maji yale yenye povu yalianza kwa kutumia chumvi za soda. Sisi tumechukua neno la magadi tukalipa kinywaji, kisha tunasema magadi si neno la kisayansi.

Upande wa pili nao una mashabiki wanaovuka mpaka. Nimesoma na kusikia watu wakidai kwamba, kwa kuwa asili ni magadi, basi elementi yenyewe iitwe magadi, tumalize kazi. Hapana. Magadi ni kampaundi, ndani yake sodiamu imefungwa na kaboni, oksijeni na hidrojeni, imetulia kabisa. Elementi ikiwa peke yake ni metali laini inayokatika kwa kisu na kulipuka ukiitumbukiza kwenye maji. Ukimfundisha mtoto kwamba vyote viwili ni magadi, siku ya kusoma mlipuko huo atakimbia jikoni kwa bibi yake. Davy mwenyewe aliweka mkia ili kutenganisha soda na metali yake. Na tusianze kutafuta undugu usiokuwepo: jina la Kijerumani la chumvi za majivu, kali, halihusiani na kali yetu ya pilipili na mbwa, hata kama mtu aliyeonja maji ya majivu angeapa yanahusiana.

Katikati ya hao kuna wanaoandika sodiamu na wanaoandika natiri. Mimi ni wa natiri, ingawa sitagombana na mtu. Natiri inaeleza Na bila kukariri, inamuunganisha mwanafunzi na Ziwa Natron, na imekuja kwa mlango wa Waarabu uleule tuliopitishia dhahabu, fedha, zebaki na risasi, majina ambayo hakuna mtu leo anayeyaona kuwa ya kigeni. Wanaosema majina mawili yatachanganya watu wawatazame Waingereza wenyewe: sodiamu ikipungua kwenye damu ya mgonjwa, daktari wa London haandiki neno lolote lenye sodiamu, anaandika haiponatremia. Wameishi na majina mawili miaka mia mbili, hospitali zao hazijafungwa. Kinachohitajika ni mwalimu kutumia dakika tano kueleza kwa nini yapo mawili, na dakika hizo tano ndizo zilizokosekana kwa mpwa wangu.

Nakubali kwamba wanaocheka Engaruka wana kisingizio. Neno magadi soda limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza ni mwamba wa sokoni, ambao wanakemia wanauita trona, kaboneti na bikaboneti zikiwa pamoja na maji. Pili ni unga mweupe wa pakiti, bikaboneti tupu, wa kuumulia keki na mandazi. Tatu ni bidhaa ya viwandani, kaboneti iliyochomwa hadi ikaachia maji na gesi yake, inayopimwa kwa maelfu ya tani na kutengeneza vioo na sabuni za unga. Vyote ni ukoo mmoja, lakini muuza duka wa Kariakoo akiagizwa magadi soda tu itambidi aulize mwenzie anataka kufanyia nini. Hapo BAKITA na wanakemia wana kazi halisi. Wasitunge jina jipya la natiri. Watenganishe magadi ghafi, magadi ya kuumulia na magadi ya kiwandani, kisha wizara na magazeti wazishike tofauti hizo. Mjadala wa mazingira nao ungepata usafi. Mpango wa kwanza wa kujenga kiwanda ulilenga Ziwa Natron, mazalio makuu ya heroe wadogo duniani, ukapingwa vikali hadi macho yakahamia Engaruka. Hadi leo unakutana na mtu Dar anayebisha kuhusu ndege kana kwamba mahali ni palepale, na mwingine anayedhani kiwanda kitafungasha magadi ya mlenda.

Lakini mahali ambapo jina hili lina uzito kuliko kote ni kwenye kliniki za presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za natiri kwa siku, ambazo ni sawa na chumvi gramu 5 hivi, kijiko kimoja cha chai. Kikomo hicho kinahesabu natiri yote, hakibagui imeingia na chumvi au na kitu kingine. Sasa piga hesabu. Katika gramu 100 za chumvi safi, natiri ni gramu 39. Katika gramu 100 za trona safi ni gramu 30, na katika unga wa kuumulia ni 27. Magadi ya sokoni si safi, yana udongo na chumvi nyingine ndani yake, na yale ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi, ileile inayoyatia meno ya watu wengi wa Arusha rangi ya kahawia. Hata hivyo kiwango cha natiri kinakaribiana na cha chumvi kuliko mtu yeyote mezani anavyodhani.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alipimwa akaambiwa presha iko juu, apunguze chumvi. Alipewa karatasi yenye ushauri, na juu yake imeandikwa kwa Kiswahili kizuri: punguza chumvi. Nesi alimwambia pia kwa mdomo apunguze "sodiamu", neno ambalo yeye alilichukulia kuwa jina la kitaalamu la chumvi ya mezani, na kwa elimu tuliyompa asingeweza kulichukulia vingine. Ametii kwa bidii ya ajabu. Kopo la chumvi amelihamishia kabatini juu, wajukuu wanalalamika. Juzi nilipita kumjulia hali nikamkuta uani amepika maharage, akanikaribisha kiti.

"Yameiva haraka leo, mama," nikamwambia.

"Magadi hayo, mwanangu. Chumvi yenyewe siigusi tena, sasa angalau yawe laini."

Alikuwa ameyatia kijiko kizima.